Mkopo wa ukarabati wa nyumba: maana yake, na kazi ya anayeusimamia

Ukisikia mkopo wa ukarabati wa nyumba, unaweza kudhani ni mkopo kama mwingine: unaomba, unapewa fedha, unarejesha. Mipango inayoendeshwa na miji na kaunti za Marekani haiendi hivyo. Mwenye nyumba ndiye mkopaji na ndiye anayetia saini mkataba, ila fedha kwa kawaida hazipiti mikononi mwake. Hukaa kwa msimamizi wa mpango, zikatoka kidogo kidogo kumlipa mkandarasi kadiri kazi inavyokamilika. Msimamizi basi amesimama kati ya mwenye nyumba, fundi na umma, ambao ndio wenye fedha hizo, na kila mmoja ana haki yake ya kulindwa.

Sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka serikali kuu, kupitia ruzuku iliyoanzishwa na Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Jamii ya mwaka 1974. Mji hupewa fungu, kisha huamua wenyewe kiasi gani kiende kwenye nyumba. Sharti moja halikwepeki: angalau asilimia 70 ya ruzuku hiyo lazima iwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati. Kipimo chake ni kipato cha kaya ya katikati. Zipange kaya zote za eneo kuanzia maskini hadi tajiri, uchukue iliyo katikati kabisa. Kwa kawaida kaya ambayo kipato chake hakizidi asilimia 80 ya hicho ndiyo inayofaa kuomba. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji hutoa viwango vipya kila mwaka, kulingana na eneo na idadi ya watu katika kaya. Vijijini kuna mpango mwingine wa Wizara ya Kilimo, unaotoa mkopo wa riba ya asilimia 1 kwa miaka 20 kwa wenye nyumba wa kipato cha chini sana.

Walengwa ni akina nani hasa? Mfikirie mama mzee aliyekwisha kulipia nyumba yake yote. Ana mali, lakini hana fedha taslimu. Paa linavuja, na benki inatazama pensheni yake na kusema haitoshi kubeba marejesho ya kila mwezi. Kwa ajili ya watu kama yeye kuna mkopo ulioahirishwa, yaani mkopo usiodai rejesho lolote hadi nyumba iuzwe, ihamishwe jina, au mwenyewe aache kuishi humo. Mara nyingi hauna riba. Kinachoulinda ni rehani iliyoandikishwa kwenye hati ya nyumba. Mipango mingine husamehe sehemu ya deni kila mwaka ambao mkopaji anaendelea kuishi hapo. Msimamizi ana wajibu wa kulieleza jambo hili polepole, ikibidi mara mbili na watoto wa mkopaji wakiwepo, kwa sababu mara nyingi wao ndio watakaokutana na deni hilo mzazi akishafariki.

Baada ya ombi kukubaliwa huja orodha ya kazi, na hapa ndipo mimi naona mpango husimama au huanguka. Mkaguzi huingia ndani ya nyumba, hupanda darini, hufungua boksi la umeme, hutazama mabomba, kisha huandika kila kitakachofanywa: ukubwa, aina ya vifaa, mahali. Kuandika "tengeneza paa" hakutoshi. Fundi mmoja ataelewa kubadilisha mabati, mwingine kuziba matundu, na bei zao hazitalinganishika kamwe. Orodha ikiandikwa vizuri, wakandarasi watatu hutoa bei za kazi ileile moja, na ugomvi wa baadaye hupungua sana. Kazi za usalama hutangulia: paa, umeme, mfumo wa kupasha nyumba joto, maji taka. Jiko jipya la kupendeza husubiri.

Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 huongeza jambo zito, maana huenda ina rangi yenye madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa watoto. Fedha za serikali kuu zikitumika, kanuni hukaza kadiri gharama inavyopanda. Ukarabati ukizidi dola 5,000 hutakiwa tathmini ya hatari na hatua za kuidhibiti. Ukizidi dola 25,000, hatari hiyo lazima iondolewe kabisa. Wapo wanaoiona gharama hii kama kikwazo. Anayejua risasi humfanya nini mtoto anayetambaa sakafuni hawezi kuiona hivyo.

Malipo hufuata hatua. Mkandarasi akidai, mkaguzi huenda kuona kwanza, mwenye nyumba hutia saini kwamba ameridhika, ndipo hundi hutoka. Sehemu ndogo, mara nyingi asilimia 10, huzuiliwa hadi kazi yote ikamilike. Fungu la dharura huwekwa pia, kwa sababu ukishafumua ukuta wa zamani utakuta mbao zilizooza ambazo hakuna aliyeziona. Kazi yoyote ya ziada iandikwe na kusainiwa kabla haijaanza. Maelewano ya mdomo ndiyo yanayozaa kesi.

Marejesho yanapoingia hurudi kwenye mfuko na kukopeshwa kwa kaya nyingine iliyo kwenye foleni, ndiyo maana huitwa mfuko wa mzunguko. Faili linabaki wazi hata hivyo. Kila mwaka msimamizi huhakikisha kwamba mkopaji bado anaishi humo na kwamba bima na kodi ya nyumba zimelipwa. Na deni likiisha, lazima aandikishe hati ya kufuta rehani. Ikisahauliwa, familia iliyolipa kila senti itakwama siku ya kuuza nyumba, ikihangaika kuthibitisha kwamba haidaiwi.