Kabla uuze hiyo Vitz yako, lete kwanza tuipime

Jumatatu asubuhi nimefika gereji hapa Kariobangi Light nikakuta Vitz ya silva, namba ya KBQ, imefunguliwa boneti na mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi huku Komarock, amesimama kando na chupa ya maji mkononi. Ilikuwa imemchemkia Outering Road, vijana wa boda wakamsukumia kando, akangoja ipoe akaongeza maji akaja pole pole. Hata hatujamaliza kusalimiana akaniambia, "Fundi, nisaidie tu na ukweli. Hii nitengeneze ama niachane nayo? Manake fundi wa kwetu amesema injini imekwisha inataka 95,000, na kuna broka ananipatia 250,000 leo leo."

Hilo swali naulizwa karibu kila wiki. Nimeshika spana miaka 19 na nimeona watu wakipoteza pesa pande zote mbili, kuna wenye wanalipa fundi kila mwezi kwa gari yenye ilifaa kwenda zamani, lakini wengi kabisa wanapoteza kwa kuuza mapema, wameuza kwa sababu wamechoka na kuogopa, si kwa sababu gari imekwisha.

Hesabu yenye watu hufanya ni hii: gari inaweza kuuzwa 350,000, fundi anataka 95,000, hiyo ni zaidi ya robo ya gari, basi heri niuze. Mimi naona hiyo hesabu imeanza mahali si pake. Hauko kwa mnada, wewe unatafuta namna ya kufika kazini na kupeleka watoto shule mwaka mzima unaokuja. Kwa hivyo hiyo 95,000 usiiweke kando ya bei ya gari, iweke kando ya pesa yenye itakutoka kuhama kutoka kwa hii gari kuingia kwa ingine.

Hebu tuifanye. Umeuza 250,000, unataka ingine ya 850,000, unakopa 600,000 ya miezi 36. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka yenye inahesabiwa kwa salio linalopungua, unalipa kama 21,700 kila mwezi, na ukimaliza umelipa karibu 781,000. Juu ya hiyo, mwenye kukukopesha atataka bima ya komprihensivu, na ile mkebe yako pengine ilikuwa inatembea na ya thadi pati tu. Sasa chukua ile 95,000, kubali injini iwe imekufa kweli, ugawe kwa miezi 12, ni kama 7,900 kwa mwezi. Ongeza 6,000 kila mwezi ya vitu vidogo vidogo, bado hujafika 14,000. Na miezi 12 ikiisha hauna deni, mwenye gari mpya bado ana miaka miwili ya kulipa.

Na gari ndogo hapa kwetu hazishuki bei kama watu wanavyodhani. Sheria ya KEBS, lile shirika la viwango la serikali, inasema gari ya mtumba ya kuingizwa isizidi miaka 8, mwaka wa 2025 kwa mfano ilibidi iwe ya 2018 kuja juu, kwa hivyo kila Januari ule mwaka wa bei rahisi unafungiwa nje pale Mombasa na wenye wanatafuta gari ya bei ya chini wanabaki kugombania hizi ziko barabarani tayari. Broka anajua hiyo vizuri sana. Ndio maana anataka leo leo.

Sasa tuingie kwa gari yenyewe, manake hesabu bila kupima ni kubahatisha.

Ya mwalimu nilianza na kifuniko cha redieta, ikiwa imepoa (tafadhali usifungue redieta ya moto, nimeona mtu akichomeka uso mzima). Mpira wa ndani wa kile kifuniko ulikuwa umepasuka na kukauka kama ngozi ya kisigino. Maji yenyewe yalikuwa rangi ya chai ya rangi, maji ya mfereji matupu, hakuna kolanti (ile dawa ya kupoza injini) hata tone. Watu wa Nairobi lazima waelewe kitu hapa: tuko juu, kama mita 1,795 kutoka usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwa nyuzi kama 94, si 100 kama kule Mombasa. Injini nayo inatembea karibu na 90 siku ya kawaida. Nafasi iliyobaki ni nyembamba sana, na kitu kinachoipanua ni presha yenye kile kifuniko kinashikilia pamoja na kolanti yenyewe. Kifuniko kikilegea, kwa foleni ya Outering na jua la saa saba lazima ichemke hata kama injini ni nzima kabisa. Ni kifuniko cha mia kadhaa, na mtu ameambiwa abadilishe injini!

Lakini kuchemka kunaweza kuwa kumeua hedi gasketi pia, ile ya kuziba katikati ya hedi na bloku ya injini, kwa hivyo huwezi kusema ni kifuniko ukaishia hapo. Nikajaza maji, nikawasha bila kifuniko tukaangalia. Kama moshi wa silinda unaingia kwa maji utaona mapovu yanapanda bila kukoma hata injini ikipashwa kidogo tu, na wakati mwingine maji yanakurukia. Yetu ilitoa mapovu machache ya hewa yakaisha. Nikang'oa plagi zote tatu (hii ni ile injini ya 1KR, silinda tatu, 996cc, inatumia cheni si mkanda) nikaweka geji ya kompresheni, yenye inapima presha ya kila silinda kwa psi. Ya kwanza 172, ya pili 168, ya tatu 170. Zikikaribiana hivyo nafurahi. Ingekuwa moja imeanguka 110 hapo tungekuwa na mazungumzo tofauti. Nikafungua kifuniko cha oili, hakuna ile rangi ya maziwa yenye inaonyesha maji yameingia kwa oili. Mwalimu alikuwa amesimama karibu anasoma geji na mimi, na hivyo ndivyo napenda, mwenye gari aone kwa macho yake. Fundi akikwambia injini imekwisha muulize tu kwa heshima, "Umepima na nini?" Kama hakuna geji imewekwa, hiyo bado ni maoni yake tu.

Kuna vitu vinaisha kwa sababu kazi yao ni kuisha: bushi, boljointi, shoki, breki, plagi, pampu ya maji, betri, hata klachi. Hivyo vikipiga kelele vyote mara moja gari inasikika kama inavunjika, inagonga kila shimo, na unashikwa na aibu ukibeba mtu. Mteja wangu mmoja aliuza yake kwa sababu hiyo tu, nilikuwa nimempigia hesabu ya 32,000 ya miguu ya mbele na nyuma akaona ni nyingi. Akanunua ingine mpya kidogo kwa yadi moja, yenye gia ya CVT, inang'aa, viti havijararuka. Miezi minne baadaye akanipigia simu, gari inanguruma lakini haisongi ikipanda mlima. Kufungua, tukakuta mtu alimwagia ndani ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. CVT inasukuma kwa mkanda wa chuma katikati ya puli mbili, inataka oili yake maalum ya kushikanisha ule mkanda, ukiweka ingine unateleza na kukwaruza puli. Ile giaboksi ilimtoka mara tatu ya zile 32,000. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kwa gari za mtumba huo msemo naushika sana. Gari yako ya zamani unajua ilibadilishwa oili lini na inagonga wapi. Ya yadi unajua rangi yake tu, hata mileji yenyewe inaweza kuwa imerudishwa nyuma.

Sasa, kuna gari mimi mwenyewe nakwambia achana nayo, na nasema hivyo nikijua napoteza kazi.

Ya kwanza ni yenye mifupa imeoza. Injini hubadilishwa, na ukibadilisha kumbuka kupeleka namba mpya NTSA iingie kwa logibuku, usinyamaze nayo. Lakini chini pale shoki na mikono inashikilia, kutu ikikula hapo hakuna kubadilisha. Nachukua bisibisi nadunga kwa nguvu, ikipita kama kwa mkate hiyo gari isibebe watoto tena. Nyingi huwa zimeishi Pwani, au sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi.

Ya pili ni yenye ilipinda kwa ajali. Unapiga alaimenti, wiki tatu tairi imeliwa upande mmoja, unapiga tena, imeliwa tena.

Na ya tatu, yenye iliingia maji. Baada ya yale mafuriko ya Aprili 2024 nilipokea gari nyingi zilizokuwa zimezama mpaka kwa dashibodi, na zile zilikaushwa zikauzwa haraka ndizo zilirudi kunisumbua, leo taa, kesho fyuzi, kesho kutwa inakataa kuwaka kabisa. Ukifungua soketi za wiringi unakuta ukijani ndani ya pini. Unaweza kufukuzana na hiyo shida mwaka mzima na usiimalize. Uza kwa spea, na mwenye ananunua mwambie ukweli.

Kama yako haiko kwa hizo tatu, nunua daftari. Kila shilingi yenye unaweka, tarehe na kazi iliyofanywa, andika. Miezi sita ukiangalia na uone shida ile ile imeandikwa mara nne basi tatizo halijapatikana, hapo badilisha fundi kwanza kabla ubadilishe gari. Ukiona vitu tofauti tofauti, kila kimoja kikiandikwa mara moja kikaisha, hiyo gari inapona. Na pesa ikiwa kidogo anza na vitu vya kupoza injini, breki na stiaringi, zingine zingoje. Naumia sana nikiona mtu ameweka rimu mpya na kava za viti kwa gari yenye diski za breki zimebaki kama karatasi.

Ya mwalimu tulibadilisha kifuniko, thamostati, pampu ya maji kwa sababu ilikuwa imeanza kuvuja pale kwa shafti, na hosi ya juu. Nikasafisha redieta mpaka maji yakatoka meupe, nikaweka kolanti. Jumla na kazi yangu, 16,500. Alimpigia yule broka akiwa bado amekaa kwa kiti changu cha plastiki, akamwambia asante lakini gari haiuzwi, yule akapanda mpaka 310,000 hapo hapo kwa simu. Ijumaa akitoka shule alipitia tukafungua boneti ikiwa imepoa, kolanti ilikuwa pale pale kwa laini.