Nchi Ikipiga Hodi Jumuiya, Itazame Forodha Yake

Kazi yangu ni uwakala wa forodha hapa Tanga. Kila ikisikika kwamba nchi fulani inafikiria kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, wateja huniuliza: "Watakubaliwa?" Mimi hujiuliza jingine: wako tayari kuachia ushuru wao?

Masharti ya kuingia yamo kwenye Mkataba wa 1999: utawala bora, haki za binadamu, uchumi wa soko, ujirani na mengineyo. Somalia iliomba 2012, ikapokelewa Novemba 2023. Lakini kwetu sisi wa mizigo, ikishatiwa saini ndipo kazi inapoanza.

Tangu 2005 Jumuiya ni Umoja wa Forodha. Mzigo unaotoka nje ya Jumuiya, ushukie Tanga au Mombasa, kimsingi hukutana na viwango vilevile: malighafi na mitambo asilimia 0, bidhaa ambazo bado zinasindikwa 10, zilizokamilika 25, na tangu Julai 2022 zipo za 35. Nchi mpya inaweka kando kitabu chake cha ushuru na kushika hiki. Tena bidhaa za majirani zitaingia kwake bila ushuru wa forodha. Kwa serikali inayotegemea makusanyo ya bandarini na mipakani, huo ni uamuzi mzito, na sioni aibu nchi ikichukua muda kuupima. Rwanda na Burundi zilijiunga 2007, zikaingia kwenye Umoja wa Forodha Julai 2009.

Ukitaka kuona faida yake, nenda Horohoro, mpakani na Kenya. Mama mwenye machungwa ya Muheza anafika na matenga yake, anajaziwa cheti cha uasili kile chepesi, cha mzigo usiozidi dola 2,000. Karatasi moja, muhuri, anavuka kwenda Lunga Lunga, upande wa Kenya. Cheti hicho kinasema machungwa haya yameota hapa kwetu. Asipokuwa nacho, atatakiwa alipie kama mzigo wa ugenini. Cheti cha afya ya mimea bado atadaiwa, na wengi hukwama hapo kwa kudhani uasili unatosha.

Jambo jingine ni uanachama wa huku na huku. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, ikabaki SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Inawezekana kuwa na soko huria na majirani wa pande mbili, ila huwezi kulitoza kontena lilelile la kutoka nje viwango vya pamoja vya jumuiya mbili tofauti. Nchi inayopiga hodi ilitatue hilo nyumbani kwanza.

Juzi mteja wangu wa chokaa alitaka kupanga bei ya kuuza kwa mwanachama mpya, kwa kuwa ameona picha za kutia saini. Nimemwambia asubiri tarehe ambayo forodha ya kule itaanza kukipokea cheti chetu cha uasili. Mpaka hapo, ahesabu ushuru wote.