Je, wajua kwa nini darubini ya mara 8 humfaa mwindaji kuliko ya mara 12?

Ziweke mezani darubini mbili, moja imeandikwa 8x42 na nyingine 12x50. Asiyezoea huinyakua ya pili, maana 12 ni kubwa kuliko 8 na kioo cha 50 ni kipana kuliko cha 42. Ila mwindaji bingwa anayetoka Arusha kwenda kwenye vitalu vya uwindaji vya Longido au Simanjiro atakuambia uchukue ile ndogo, au ukipenda kuongeza, usivuke 10x42. Si ubahili. Ni hesabu ya mwanga na ya mkono.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa: swala tomi aliye mita 400, ukimtazama kwa mara 8, ni kama yuko mita 50. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi huishia hapo. Kinachofaa zaidi kujua hakijaandikwa popote, unakipata kwa kugawanya: 42 kwa 8 ni 5.25, na 50 kwa 12 ni 4.2 hivi. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka kwenye kioo cha nyuma kuingia jichoni. Unaweza hata kuuona. Shika darubini sentimita 30 hivi mbele ya uso, ielekeze kwenye anga jeupe (mbali kabisa na jua), na katikati ya kila kioo cha nyuma utaona kiduara kinachong'aa.

Mchana wa jua kali mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3. Darubini zote mbili zinaleta mwanga mwingi kuliko unaoweza kuingia, kwa hiyo huoni tofauti. Ndiyo maana kujaribu darubini saa 7 mchana mlangoni mwa duka hakukusaidii kitu. Tofauti hujitokeza alfajiri na magharibi, mboni inapofunguka milimita 5 hadi 7, na nyati nao ndipo wanapokuwa malishoni nje ya vichaka. Kwa eneo la kile kiduara, picha ya 8x42 ina mwangaza wa mara 1.6 hivi ya ile ya 12x50. Kwenye kivuli cha migunga, hiyo ndiyo tofauti ya kuona mnyama na kuona doa jeusi.

Basi mbona tusinunue 8x56, kama wanavyopenda wawindaji wengi wa Ujerumani? Kiduara chake ni milimita 7 kamili. Kwao machweo hujivuta, na mwindaji hukaa muda mrefu ndani ya mwanga hafifu. Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, jua huteremka karibu wima: linatua saa 12 na nusu hivi, na dakika 20 na ushee baadaye giza limeingia. Kubeba kilo moja na zaidi shingoni kutwa kwa ajili ya dakika hizo ni kujitesa. Tena kuna suala la umri. Mboni ya mtu aliyepita miaka 50 mara nyingi haifunguki zaidi ya milimita 5. Mwanga unaozidi hapo huangukia nje ya mboni na kupotea.

Sasa mkono. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia kabisa, na darubini haichagui cha kukuza: inakuza mnyama na inakuza mtetemo. Kwa mara 8 watu wengi wanaweza kushika picha ikatulia. Kwa mara 10 inahitaji mazoezi. Kwa mara 12, bila kuegemea kitu, pembe zinacheza mbele ya macho yako. Na pembe ndizo unazotaka kuzisoma. Nyati dume kijana, katikati ya paji la uso, pembe zake bado hazijafungana. Kuna ukanda wa ngozi laini na nywele. Dume aliyekomaa, sehemu hiyo imekuwa ngumu na yenye mikunjo kama gome la mti mkavu. Ukanda huo ni wa upana wa vidole vichache tu. Halafu usidhani kuona pembe ni kuona dume: nyati jike ana pembe, pofu jike anazo, choroa jike anazo tena ndefu. Leseni ina mnyama wake, na risasi haina marejesho.

Kutuliza picha ni kazi ya mwili mzima. Keti chini, viwiko juu ya magoti. Ukiwa umesimama, bana viwiko kwenye mbavu na ushike ukingo wa kofia pamoja na darubini kwa vidole vya mbele. Ndani ya gari zima injini, hata kama dereva ananung'unika, kisha weka mfuko mdogo wa maharage dirishani na ulaze darubini juu yake. Ya mara 12 ina mahali pake, juu ya stendi ya miguu mitatu, ukichunguza mlima wa pili asubuhi na mapema. Kuanzia saa 5 hivi ardhi ya mbugani ikishapata moto, hewa inachemka na mazigazi yanaanza kucheza. Hapo mara 12 inakukuzia mazigazi.

Upana wa eneo nao huhesabika. Kwa umbali wa mita 1,000, darubini nzuri ya mara 8 huonyesha karibu mita 130 kwa mkupuo. Ya mara 12 huwa kwenye mita 95 hivi. Vichakani hutafuti mnyama mzima. Unatafuta sikio linalotikisika, au mstari wa mgongo uliolala kati ya mashina yaliyosimama. Dirisha pana hukupa nafasi hiyo. Kwenye uwazi wa Simanjiro, 10x42 haina kosa.

Jambo moja lisiwe na mjadala: usitafute wanyama kwa darubini ya bunduki. Kila unachokitazama umekielekezea mtutu, na kule kuna wachungaji.

Ukinunua, hasa ya mkono wa pili, nenda na rula. Kuna zinazoandikwa 20x50 ambazo si 20 wala si 50. Pima kioo cha mbele, pima kile kiduara cha nyuma, gawanya. Kioo cha milimita 35 na kiduara cha 3.5 maana yake ni mara 10, muuzaji aseme atakalo. Kiduara kiwe mviringo safi. Kikiwa kimekatwa pembeni na vivuli vya kijivu, prizimu za ndani (vile vioo vya pembe vinavyogeuza mwanga) ni hafifu. Vioo vyekundu vinavyong'aa viache: vinarudisha nje mwanga mwekundu na kukuachia picha ya kibuluu. Zile za kukuza kwa kuvuta, 10 hadi 30, huwa na dirisha finyu na giza.

Kisha tazama waya wa umeme wa mbali na uirudishe darubini taratibu kutoka machoni, sentimita 10 hivi. Waya ukionekana umepanda upande mmoja na kushuka mwingine, iliwahi kuanguka na mirija yake haiko sawa. Itakuumiza kichwa ndani ya nusu saa. Aliyeko Moshi ana kipimo kizuri zaidi: asubuhi kabla mawingu hayajafunika Kibo, lenga ukingo wa theluji dhidi ya anga. Mstari mnene wa zambarau pale ukingoni ni dalili ya vioo vya bei rahisi.

Kabla ya kuilaumu, irekebishe. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto na uzungushe pete ya kulia tu, ukitazama kitu kile kile. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho na atafute yenye nafasi ya jicho (umbali wa jicho kutoka kioo cha nyuma ambapo picha nzima bado inaonekana) ya milimita 16 au zaidi, la sivyo atabaki anaona kipande.

Chagua iliyojazwa gesi ya naitrojeni, ili ukungu usitande ndani. Ukiishusha kutoka kwenye baridi ya mlimani kuingia hewa yenye joto na unyevu, ukungu hutanda nje na kufutika. Ukitanda ndani, hakuna kitambaa kitakachofika. Na vumbi la huku lina majivu ya volkano, ni kali. Kulifuta kwa shati au ncha ya shuka ni kupiga msasa. Lipulize kwanza kwa kipulizio cha raba, si kwa mdomo kwa sababu ya mate, fuatisha brashi laini, na kitambaa cha lenzi kiwe cha mwisho.