Tundu la mkojo kuwa chini ya uume: mama hajafanya kosa lolote

Jamani hili nimechoka kulisikia. Mtoto wa kiume kazaliwa, tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya kwenye ncha, sisi madaktari tunaita haiposipadia, na kabla hata sijamwangalia mtoto mama mkwe keshauliza huyu mwanamke alikula nini, au ni zile ndoo za maji alizobeba mimba ikiwa na miezi saba. Hapana!

Hebu hesabuni wiki. Kinundu kinachokuja kuwa uume au kisimi kinaanza kuota wiki ya 5 hivi, na mrija wa mkojo wa mtoto wa kiume unajifunga kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha, mpaka mwezi wa nne kazi imeisha. Ndoo ya mwezi wa saba inaingiaje hapo? Kinachofanyika ni hivi, seli za ndani ya kinundu zinatoa ishara ya jeni ya SHH inayoziamrisha seli za jirani zigawanyike, na panya wa maabara waliotolewa jeni hiyo kinundu chao hakikui kabisa, halafu korodani za mtoto mwenyewe zinatoa homoni ya kiume, testosteroni, inageuzwa kuwa homoni nyingine, DHT, yenye nguvu zaidi, ndo mrija unafunga. Ikilegea hatua yoyote kati ya hizo mrija unaishia njiani. Marekani wanakadiria mtoto 1 kati ya 200 wa kiume, na wengi wao hatupati sababu moja. Kuna dawa kama valproate ya kifafa zinaongeza uwezekano, kweli, ila usiache dawa ya kifafa kienyeji, ongea na daktari wako mapema. Na nyie akina baba mnaomnunia mke, hali hii inatembea kwenye ukoo, kama wewe unayo mwanao naye yuko karibu zaidi kuipata.

Na haya mengine nayo nayasikia kila siku. "Kila mtoto anaanza akiwa wa kike." Anaanza bila upande, kinundu ni kilekile na SHH inafanya kazi kwa wote.

"Uume unatoka kwenye kromosomu Y." Jeni ya SRY, iliyo kwenye Y na iliyogunduliwa 1990, inaanzisha korodani tu. SHH iko kromosomu ya 7, na jeni ya kipokezi cha homoni za kiume iko kwenye X, ambayo mtoto wa kiume anaipata kwa mama.

"Vidole na uume wapi na wapi." Jeni ya HOXA13 inajenga vyote viwili, ndo maana nikikuta haiposipadia na dole gumba fupi siiti bahati mbaya, nampima mtoto upya.

Halafu hili la "tumtahiri kwanza, mengine baadaye" ndo linaniumiza. Msimtahiri! Hilo govi ndo ngozi tunayotengenezea mrija, likishakatwa upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Mleteni na govi lake, mara nyingi tunafanya kati ya miezi 6 na 18, na tohara inaishia hapohapo mezani.