Jeshi la lazima: orodha mnayosambaziana si ya Kenya

Habari ya vita ikivuma popote duniani, wazazi wa Malindi na Lamu huja na swali moja: serikali inarudisha jeshi la lazima, je, kijana wangu atachukuliwa? Wengine hufika roho juu, simu mkononi, orodha ya majina ya vijana wanaodaiwa kuitwa kambini imefunguliwa tayari.

Tuanze na hilo neno "kurudisha". Kurudisha nini? Kenya huru haijawahi kuwa na sheria ya kumlazimisha raia kuingia jeshini. Aliyelazimisha watu ni Mwingereza, alipowakusanya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale walioacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Wagiriama wa huku kwetu wanajua walivyopambana naye mwaka 1914, kiongozi wao Mekatilili wa Menza akiwa tayari amekwishakamatwa na kupelekwa mbali kwa kuwahimiza watu wasitoe vijana wao wakatumikishwe.

Sasa hiyo orodha. Mara nyingi ni ya Tanzania, na mtu angeisoma mistari mitatu ya kwanza kabla ya kuisambaza angeliona hilo mwenyewe. Tanzania ina Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa Julai 1963. Huko kuna vijana wa kujitolea na kuna wa "mujibu wa sheria", yaani wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kwa mafunzo kambini. Utaratibu huo wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa 2013. Kwa hiyo habari ya "mafunzo ya lazima yarudi" ilikuwa kweli, ila ya nchi jirani, na imeandikwa kwa Kiswahili tunachokisoma vizuri. Hapo ndipo watu wanapoteleza.

Zitazameni alama. Orodha inataja kidato cha sita: Kenya iliachana nacho ilipoingia mfumo wa 8-4-4. Inataja mkoa na wilaya: sisi tuna kaunti tangu 2013. Inataja kambi ya Ruvu, Pwani: hiyo Pwani ni mkoa wa Tanzania wenye makao makuu Kibaha, si pwani ya Kilifi wala Lamu. Neno hili moja tu limewakosesha usingizi kina mama wengi wa Malindi, na inauma kwa sababu hofu yenyewe haina mzizi.

Kuna chanzo kingine, nacho ni kumbukumbu za wazee. Kuanzia mwaka 1984 wanafunzi wa Kenya waliopata nafasi za chuo kikuu walipitishwa mafunzo ya NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, kabla ya kuanza masomo. Leo hao ni watu wazima, na mmoja wao akisema barazani "sisi tulichukuliwa", hasemi uongo. Lakini lilikuwa sharti la kuingia chuoni, halikuwa kuandikwa jeshi, na mpango wenyewe uliondolewa zamani.

Na itazameni KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, inavyochagua watu. Kurutu wa kawaida awe na miaka 18 hadi 26, kimo kisipungue mita 1.60, uzito usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na gredi ya D au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Kijana wa sentimita 158 hurudishwa nyumbani hata akiwa na mbio za swala. Aliyekuja na nakala za vyeti bila vyeti halisi, hali kadhalika. Jeshi linalomkataa anayelitaka kwa upungufu wa sentimita mbili litamfuata vipi asiyelitaka? Nchi hulazimisha watu zinapokosa wa kujitolea. Sisi tuna foleni ya kujaza uwanja kwa nafasi chache, na hali hiyo haielekei kubadilika karibuni.

Bado nasikia hoja nyingine tatu. Ya kwanza: "Vita vikizuka Rais atatia saini tu, tuamke tumechukuliwa."

Hapana. Kifungu cha 132 cha Katiba kinamtaka Rais apate idhini ya Bunge hata kutangaza vita kwenyewe. Kutangaza vita hakumwandiki mtu jeshi; ingehitajika sheria mpya, na kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika utungaji wake. Kifungu cha 30 kinakataza kazi ya kulazimishwa. Msinitilie maneno mdomoni, sijasema jeshi la lazima ni muhali: Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, hauhesabu utumishi wa lazima wa kijeshi kuwa kazi ya kulazimishwa, hivyo wakili wa serikali angepata pa kushika. Ungekuwa mvutano wa wazi, bungeni na mahakamani, si jambo la usiku mmoja. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 kwa wanajeshi waliojiandikisha wenyewe.

"Polisi wa akiba Lamu ni mwanzo wa jeshi la lazima."

Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa inasema wazi kwamba polisi wa akiba ni wa kujitolea, mwenye miaka 18 na zaidi. Chifu akiita majina kijijini, kusema "sitaki" kunatosha.

"Kitambulisho ndicho kinachompeleka jeshini."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote kwa madhara yake. Kijana anafichwa asichukue kitambulisho akifika miaka 18, kisha anakosa kazi, kura, laini ya simu na akaunti ya benki. Mpelekeni akasajiliwe. Vita vikija au visije, hana maisha bila karatasi hiyo.

Wenye watoto wa pasipoti ya Italia, na Malindi mko wengi, suala lenu ni tofauti kidogo. Italia ilisitisha utumishi wa lazima kuanzia 1 Januari 2005. Ilisitisha, haikufuta: kifungu cha 52 cha katiba yao bado kinautaja, na sheria imeacha mlango wa kuurejesha wakati wa vita au mzozo mkubwa wa kimataifa. Manispaa zao bado huandaa orodha ya leva, yaani ya utumishi huo, ya wavulana wanaotimiza miaka 17. Jina la mwanao likionekana humo, hajaitwa kokote.

La mwisho ni la pesa. Wapo wanaodai malipo ili jina "litolewe" kwenye orodha, na wapo wanaodai malipo ili liingizwe. Kuandikwa KDF ni bure, na hufanyika mchana uwanjani, mbele ya watu. Barua ya kuitwa jeshini iliyonunuliwa humfikisha kijana Eldoret, kwenye chuo cha makurutu, na pale langoni akakamatwa. Aliyekwisha kutuma pesa asifute ujumbe wa M-Pesa. Aende nao kituo cha polisi, namba ya aliyepokea ikiwa bado inasomeka.