ERP si programu nyingi zinazotumiana faili

Tangu KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, iwatake wafanyabiashara watoe ankara kupitia eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, wauzaji wa programu za kompyuta wamekuwa wengi mjini Malindi, na karibu kila mmoja wao huiita bidhaa yake ERP. Programu ya kutoa risiti katika duka la vifaa vya ujenzi ni ERP. Programu ya mapokezi ya hoteli ni ERP. Hata jedwali la Excel lenye kurasa sita, kazi ya kijana hodari wa ofisi moja ya Barabara ya Lamu, nimesikia likitambulishwa kwa wageni kwa jina hilo hilo. Kosa hili lingekuwa dogo lau lisingewagharimu watu fedha. Mwenye hoteli hulipia kitu kimoja akaletewa kingine, na asitambue mpaka hesabu za mwisho wa mwaka zikatae kulingana.

ERP (Enterprise Resource Planning) ni mfumo wa kompyuta unaoendesha kazi za msingi za idara zote za biashara, yaani ununuzi, stoo, uzalishaji, mauzo, uhasibu na mishahara, juu ya kumbukumbu moja inayotumiwa na wote. Hiyo ndiyo maana yake, na haihitaji maelezo marefu. Kinachohitaji maelezo ni hiyo kumbukumbu moja, kwa sababu ndiyo inayorukwa kila mara mtu anapouza au anaponunua.

Mifumo hii haikuzaliwa katika ofisi ya mhasibu bali kiwandani. Katika miaka ya 1960 huko Marekani, Joseph Orlicky na wenzake walishughulikia swali la mtu wa stoo: ikiwa kiwanda kitaunda mashine kadhaa mwezi ujao, na kila mashine ina vipuri vyake, ni vipuri vipi viagizwe, vingapi, na lini? Kompyuta ilipewa kazi hiyo ya kukokotoa, na mbinu yenyewe ikaitwa MRP (Material Requirements Planning), yaani kupanga mahitaji ya vifaa. Baadaye Oliver Wight alikuwa miongoni mwa waliopanua hesabu hiyo ihusishe pia uwezo wa mitambo, nguvu kazi na fedha, nayo ikawa MRP II (Manufacturing Resource Planning). Jina ERP lilitolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990, wakati mifumo hiyo ilikuwa imekwisha kutoka kiwandani na kuingia katika kila chumba cha ofisi.

Wakati huo huo Ujerumani ilikuwa na mkondo wake. Mwaka 1972 wahandisi watano waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM walianzisha kampuni ya programu ya SAP, na ugomvi wao ulikuwa juu ya muda. Desturi ya siku zile ilikuwa kutoboa taarifa kwenye kadi, kadi zikachakatwa kwa mkupuo usiku, na asubuhi wakubwa wakasoma mambo yaliyokwisha kupita. Wao walitaka karani akiandika jambo, hesabu zibadilike papo hapo. Herufi R katika majina ya mifumo yao, R/2 na R/3, ilisimama badala ya "realtime", yaani papo hapo. Miaka miwili kabla yao, mwaka 1970, Edgar Codd wa IBM alikuwa ameeleza namna ya kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana, ili jambo moja lisilazimike kuandikwa mahali pengi. Unganisha mawazo hayo mawili, kuandika mara moja na kuandika papo hapo, na umepata ERP. Mengine yote ni skrini na rangi.

Tuchukue samaki, kwa kuwa hakuna hoteli ya Malindi isiyowanunua. Tuseme mpishi mkuu anaomba kilo 40 za jodari, bei ikiwa shilingi 600 kwa kilo, na afisa wa ununuzi anatoa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, ya shilingi 24,000. Samaki wanafika mlango wa nyuma, mizani inasoma kilo 36, na mtunza stoo anaingiza 36 kwenye mfumo. Kwa ingizo hilo moja, akiba ya stoo imepanda kwa kilo 36; leja ya uhasibu imepanda kwa shilingi 21,600 upande wa mali, na kiasi hicho hicho kimeandikwa upande wa pili kama deni linalosubiri ankara; LPO imebaki wazi kwa kilo 4; na mpishi anayepanga menyu ya Jumamosi anaona alicho nacho kweli, si alichoomba. Ankara ya mwenye samaki ikija baadaye na kudai kilo 40, mfumo unaziweka hati tatu pamoja, yaani LPO, mapokezi na ankara, kisha unazuia malipo mpaka shilingi 2,400 za ziada zielezwe. Mhasibu hakuandika neno lolote kuhusu samaki, wala hakumpigia mtu simu.

Sasa tazama hoteli nyingine, ambayo sitaitaja, yenye programu tatu nzuri kabisa, kila moja na leseni yake. Stoo inaandika 36 katika programu yake. Ijumaa jioni faili inanakiliwa kwenye flashi na kupelekwa uhasibu, ambako karani amekwisha kuingiza kilo 40 kutoka kwenye ankara, kwa kuwa ankara ilimfikia Jumanne. Siku zote hizo hoteli ilikuwa na kweli mbili, na kila idara iliapa kwa yake. Mwisho wa mwezi watu wawili huketi na karatasi zilizochapishwa, rula na kalamu nyekundu, wakitafuta kilo 4 ambazo hazikuwahi kuingia getini.

Muuzaji akibanwa hapa hujibu kwamba programu zake "zimeunganishwa", faili zinajipeleka zenyewe kila saa bila flashi. Hilo ni jambo zuri, na sina ugomvi nalo, lakini silo tunalolizungumzia. Programu zinazopelekeana taarifa bado zina nakala zake, kila moja na yake, na nakala mbili zikitofautiana ni lazima mtu aamue ipi iaminiwe. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, nani yuko sahihi? Msambazaji akibadilisha nambari ya akaunti ya benki, itabadilishwa mara ngapi, na nani atasahau? Ni kweli kwamba baadhi ya mifumo mikubwa ya siku hizi huhifadhi taarifa zake katika hazina zaidi ya moja, na mtaalamu anaweza kunipinga kwa hoja hiyo. Hata hivyo, katika mifumo hiyo kila taarifa ina mwenyewe mmoja anayejulikana, na wengine wote humsoma yeye.

Kwa sababu hiyo kazi ngumu ya ERP si kuisimika bali kukubaliana. Mpishi anamjua jodari; stoo imemwandika tuna; uhasibu una akaunti iitwayo "samaki" tu; menyu ya wageni Waitaliano inamwita tonno. Mvuvi huhesabu kwa mzigo, stoo kwa kilo, jiko kwa sahani. Kabla mfumo haujawa mmoja, watu hawa hukaa meza moja na kuamua jina, nambari, kipimo, na nani mwenye ruhusa ya kubadilisha bei. Vikao hivyo huchosha, na wakubwa hupenda kuvikwepa kwa kumwachia kijana wa kompyuta, ambaye hajui kuchambua samaki wala hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Mfanyabiashara wa zamani wa duka moja hakuhitaji kikao chochote, kwani mnunuzi, muuzaji, mtunza stoo na mhasibu walikuwa kichwa kimoja na daftari moja. Biashara ilipokua ikagawanywa idara, ndipo daftari nalo likagawanyika.

Kumbukumbu moja ina gharama yake pia, nayo husemwa kwa nadra. Kosa la mtunza stoo halibaki stoo. Kwa dakika ile ile limekuwa kosa la uhasibu, la ununuzi na la jiko. Wala halifutwi kwa kifutio: hurekebishwa kwa ingizo la kinyume linaloacha alama ya nani alifanya nini na lini. Mwaka 1999 kampuni ya peremende ya Hershey ya Marekani iliwasha mfumo mpya muda mfupi kabla ya msimu wake mkubwa wa mauzo, ikashindwa kufikisha oda za takriban dola milioni 100, hali bidhaa ilikuwa nazo. Peremende zilikuwepo, ila kwa mfumo hazikuonekana.

Msomaji atauliza kuhusu IFMIS, ambayo kila aliyewahi kuiuzia kaunti ya Kilifi au ya Lamu anaijua kwa furaha au kwa machungu. Huo ni mfumo uliounganishwa wa fedha za serikali: bajeti, ununuzi na malipo hukaa pamoja, na ndiyo maana LPO hukataa kutoka pale ambapo kifungu cha bajeti hakina fedha. Ni ndugu wa karibu wa ERP, lakini kuungana kwake kumeishia kwenye fedha. Mishahara ya watumishi, kwa mfano, kwa miaka mingi imeendeshwa na mfumo mwingine. Kuuita ERP kamili ni kuupa zaidi ya haki yake, ingawa uko karibu na jina hilo kuliko jedwali la Excel.

Basi anayemiliki programu ya mapokezi, ya stoo na ya uhasibu, kila moja ikifanya kazi yake vizuri, aseme kwamba ana programu tatu nzuri. Hoteli ya vyumba kumi na viwili haipungukiwi na chochote kwa kusema hivyo, na huenda isihitaji zaidi. Anayetaka kujua kama alichouziwa ni ERP amwendee karani wa uhasibu, si muuzaji, amuulize kama kuna tarakimu yoyote anayoichapa upya ilhali stoo au mapokezi wamekwisha kuiandika. Karani akianza kuzihesabu kwa vidole, basi jina linalofaa ni programu za ofisi.