Kariakoo: neno lililotoka vitani

Ukipanda daladala ya Kariakoo, unataja jina la kikosi cha jeshi. Wageni wengi wa makumbusho hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa kuwa Kariakoo waijuayo ni ya vitenge, vipuri na magunia ya viazi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, wakakiita Carrier Corps. Neno la pili hutamkwa "ko" tu. P na s zimeandikwa lakini hazisikiki. Watu wetu walilipokea kwa sikio, si kwa karatasi, likawa Kariakoo. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, wapagazi wakapiga kambi hapo, jina likaganda. Nairobi nako likazaa Kariokor.

Kwa nini watu, si punda? Kwa sababu ya mbung'o. Wanyama wa mizigo waliteketea kwa maradhi, nayo magari yalikwama kwenye tope la masika. Basi risasi, unga, dawa, hata vipande vya mizinga vilibebwa na watu, kama kilo 25 kwa mtu, kumwandama von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, toka Kilimanjaro hadi Rufiji na ng'ambo ya Ruvuma. Wengi hawakwenda kwa hiari. Walikusanywa vijijini kwa nguvu, hasa mwaka 1917.

Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Kuhara damu, malaria na kichomi ndivyo vilivyowamaliza. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, matumbo yakashindwa. Wanahistoria hukadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Hilo huniuma kila ninapolieleza.

Kiswahili kilikuwa tayari na neno "mpagazi" tangu enzi za misafara, kutoka "kupagaa", yaani kubeba begani. Lakini mpagazi wa msafara alikuwa na ujira aliopatana, tena wengi waliionea fahari kazi hiyo. Aliyechukuliwa kwenda Kariakoo hakupatana na mtu.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha askari mmoja na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.